Kete Tano Mkononi

Mkono wangu wa kulia umekatwa mara mbili. Mara ya kwanza aliukata mume wangu kwa mkasi. Mara ya pili iliukata simu. Mkono wenyewe bado ninao, ndio huu ninaoandikia, vidole vyote vipo ingawa vinauma asubuhi. Uliokatwa ni ule wa kwenye picha.

Kwenye daftari hili hamtaona jina la mtu. Si kwamba nimesahau. Mie namkumbuka kwa jina kila mtoto niliyecheza naye Msasani, na mama yake, na mbuzi wao kama walikuwa naye. Wanangu hunipigia simu kuniuliza majina ya watu waliokufa wao hawajazaliwa. Kwa nini nimeyaficha, mtaona mbele.

Bao nilifundishwa na mjomba wangu. Miguu yake ilikuwa haifanyi kazi, alikuwa mtu wa kulala ndani, na mchana wenzake wote wako makazini. Alinichimbisha mashimo kwenye sakafu ya udongo kando ya kitanda chake, safu nne, nane nane, mashimo thelathini na mawili. Nilikuwa na miaka kama saba. Alikuwa mkali. Nikikosea alinipiga kwa pepeo. Nilipoanza kumfunga aliacha kunipiga, akaanza kunitukana, nikajua nimekuwa mchezaji.

Mume niliyeolewa naye alikuwa fundi cherehani Temeke. Alikuwa mpenzi wa bao kuliko chakula. Kila alasiri akifunga kazi alikwenda barazani kwa wenzake, na mwanamke haendi barazani, hilo halikuwa hata na mjadala. Basi akirudi amefungwa namjua tangu anavyovua viatu. Alilitoa bao lake la mninga, akazipanga kete vile zilivyokuwa kwenye mchezo uliomshinda, akaniuliza, "Hapa ningefanyaje?"

Namwonyesha. Kesho yake anarudi anacheka peke yake. "Leo yule mwenye duka kakimbia mwenyewe."

"Umewaambia nani kakuonyesha?"

"Na wewe mama watoto! Chai iko wapi?"

Nilikuwa namcheka. Nilikuwa mdogo, nilidhani hiyo ndiyo ndoa.

Tukawa tunacheza wenyewe uani, pazia limeshushwa, baada ya swala ya alasiri siku asizokwenda barazani. Alikuwa mchezaji mzuri, nisimdhulumu. Lakini alikuwa na pupa ya kula, na mwenye pupa kwenye bao hasogei mbali.

Sasa siku ya Idd moja, mwanangu wa tatu ndiyo kwanza anaachishwa ziwa, tulicheza mchezo ambao sijacheza mwingine kama ule. Asiyejua bao nitamweleza kidogo. Mnaanza kila mmoja ana kete ishirini na mbili mkononi, nyingine chache ziko mashimoni. Mnaziweka moja moja kwa zamu, huku mnakulana. Mkimaliza za mkononi ndipo mchezo unaingia hatua ya pili. Ukimmaliza mwenzio kete za safu yake ya mbele, umemfunga. Lakini ukimmaliza kabla zile za mkononi hazijaisha, hapo umemfunga mkononi, na hiyo ni aibu. Mtu mzima akifungwa mkononi barazani, anatafutiwa jina la utani siku hiyo hiyo.

Nilianza mie. Nyumba yake, lile shimo la mraba analowekea akiba, niliila mapema. Akachanganyikiwa, akawa anakula vidogo vidogo ninavyomwachia. Nilipoweka kete yangu ya kumi na saba, nikala, nikasambaza, nikala tena, safu yake ya mbele ikabaki tupu kama sakafu iliyofagiliwa. Mkononi nimebakiwa na tano. Yeye alikuwa na sita.

Alipitisha kidole shimo kwa shimo kama anayetafuta kete iliyojificha. Kisha akacheka. "Mkononi! Umenifunga mkononi, wewe mwanamke!"

Wallahi alicheka kwa furaha. Hapo hapo mpiga picha wa mtaani akapiga hodi, Idd ile alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Mume wangu akamwita. "Njoo, piga bao hili. Nataka nikalitazame vizuri lilivyonifunga." Akampandisha kwenye kigoda ili alipate bao lote kwa juu. Akaniambia, "Sogea mama watoto, unaziba."

Nikasogea. Mkono wa kulia tu ndio ulibaki pembeni ya bao, kiganja wazi, kete tano ndani yake. Hina ilikuwa mbichi ya mkesha wa Idd. Akapiga.

Picha alizileta mbili, ndivyo alivyokuwa akifanya kwa wateja wake wote. Mume wangu hakuwepo, nikazipokea mie. Moja nikamwekea juu ya cherehani. Nyingine nikaisweka kwenye sanduku la kanga, kwa sababu ilikuwa nzuri, na hina ilikuwa imetoka vizuri.

Wiki mbili baadaye niko bombani, jirani yangu ananiambia, "Shoga, mumeo hatari! Kumbe alimfunga mgeni wa Tanga mkononi? Picha iko barazani imetiwa fremu."

Jioni nilimkuta anapiga pasi suruali ya mteja. Mabaki ya picha yalikuwa kwenye kapu la vitambaa, kipande chembamba, kimekatwa kwa mstari. Mkasi wake ulikuwa hauendi upande. Vidole vyangu vilikuwemo mle pamoja na nyuzi.

Nikamuuliza, "Mgeni gani wa Tanga?"

Hakuinua uso. "Ulitaka niwaambieje?"

Basi. Maneno yake kuhusu jambo lile yalikuwa hayo tu mpaka anakufa. Tuliendelea kucheza, miaka mingi. Sikumwachia ashinde bure, lakini sikumfunga mkononi tena. Nikimfikisha pale naiona njia, nacheza shimo jingine. Alijua kwamba najua. Tulikula sahani moja tukijua.

Amekufa huu mwaka wa nne. Mie nakaa kwa mwanangu mkubwa, Chamazi, nyumba ambayo mechi ikichezwa kule uwanjani zile kelele zinaingia mpaka jikoni. Mwanangu ni mtu mwema. Hanipigii kelele, dawa zangu ananunua yeye. Nasema hili mapema kwa sababu ya yanayofuata.

Mwaka jana alikuja na binti mmoja, msomi, kavaa suruali na kajifunga mtandio vizuri. "Shikamoo bibi." Marahaba mwanangu. Akafungua begi akatoa simu na kichuma chenye shingo ndefu. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza programu ya kuandika bao. Unaitundika simu juu, inalipiga bao picha kila mtu akicheza, yenyewe inayatambua mashimo, inahesabu kete zilizomo kila shimo, inaandika mchezo mzima. Mchezo hautapotea tena, mtu wa kesho kutwa ataufungua aone kila kete ilikwenda wapi.

Nilipenda. Sitasema uongo. Niliinama kwenye ile simu nikaona bao letu la mninga limekuwa namba tupu, na kila nikisogeza kete, namba inasogea.

"Ikikosea je?"

"Inakoseaga kwenye nyumba, bibi. Kete zikilundikana, za chini haizioni. Tunairekebisha kwa mkono."

"Kumbe na yenyewe inajua inachokiona tu."

Akacheka. "Ndiyo hivyo bibi."

Walikuwa wanakusanya michezo ya mafundi wa zamani, hata kwenye picha za kale. Mwanangu alikuwa amewaambia habari za baba yake. Siku ile alikuwa amemwalika na rafiki wa marehemu, mzee wa barazani, wa mwisho aliyebaki hai. Mzee akaja na ile fremu kaikumbatia chini ya kwapa.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo shemeji, karibu." Nikamwekea chai. Nikakaa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Ni mazoea.

Binti akaitoa picha kwenye fremu, akaiweka chini ya simu. Programu ikafikiri kidogo, ikaonyesha maandishi mekundu. Binti akasoma kwamba kete hazijatimia. Bao lina kete sitini na nne, zilizoonekana ni hamsini na tatu. Kumi na moja hazipo.

"Hazipo kwa sababu ziko mikononi," mzee akasema kwa majivuno. "Hilo ni bao la mkononi, binti yangu! Marehemu alimfunga mgeni wa Tanga. Safu ya mbele, tazama, kweupe!"

"Alikuwa anaitwa nani huyo mgeni?"

"Aa, mgeni tu. Alipita."

Mwanangu anachekelea. "Andika baba alifunga mkononi."

Mie nikaondoka pale mlangoni. Nikaenda chumbani, nikafungua sanduku, nikachambua kanga mpaka chini kabisa. Picha ilikuwa imegandamana na karatasi ya sanduku, nikaibandua taratibu. Nikarudi nikampa binti mkononi. "Ipige na hii."

Akaiweka. Ile simu ikachora mstari wa kijani kuzunguka bao, pembe nne, kila kilicho nje ya mstari ikakitupa. Kikabaki bao. Hamsini na tatu. Mkono haupo.

"Ni ile ile bibi."

"Si ile ile. Mkono uko wapi?"

"Hii inajali bao tu bibi, vya pembeni inavikata."

Nikamwambia basi aache simu, atazame karatasi kwa macho yake. Akaiinua. Nilimwona anavyoiona hina. Akanitazama mkono uliokuwa magotini, akaitazama tena picha. Akampa mzee.

Mzee huyu ni mchezaji, hilo halihitaji programu. Nilimwona midomo yake inahesabu. Kiganjani tano. Kumi na moja toa tano, sita. Mwenye tano ndiye aliyeweka kete ya mwisho, na aliyeweka ya mwisho ndiye aliyefunga. Mtoto wa bao anayajua hayo. Akairudisha picha mezani kama kitu cha moto.

"Shemeji," akasema polepole, "mwache marehemu apumzike."

"Nimemgusa? Nimesema neno?"

Mwanangu akauliza, "Mama, hii nini?"

"Siku ya Idd. Uani kwetu Temeke. Mgeni wa Tanga ni mie."

Alicheka kwanza, akidhani natania. Alipoona wenzake hawacheki, akaacha.

Nitaandika alivyosema, kwa sababu hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mama, sasa ikiandikwa baba alifungwa na mkewe, tena mkononi, si watu watamcheka mpaka kaburini?"

Nikamwambia, "Na mie?"

"Wewe nani atakucheka?"

Ndiyo hapo. Mie hakuna wa kunicheka. Hakuna anayejua kwamba nipo.

Binti wa watu akajaribu. Akasema picha inaonyesha mwisho tu, lakini kama kuna mtu anaukumbuka mchezo wenyewe, kete kwa kete, basi huo utakuwa ushahidi, kwa sababu programu haikubali uongo. Kete moja ikipotea njiani, hesabu haifiki mwishoni. Akamgeukia mzee. Mzee akasema yeye hakuwepo.

"Mie nilikuwepo," nikasema. "Washa simu yako."

Nikakaa mkekani. Nikazipanga kete. Nikacheza pande zote mbili, yangu na ya mume wangu. Mkono wa kulia wangu, mkono wa kushoto wa kwake. Hapa alikula, pupa. Hapa nilimwachia. Hapa alijikuna shingo akafikiri muda mrefu, akaweka pabaya. Nyumba yake nikaila. Simu inapiga tu juu, tik, tik. Chai ya mzee ikapoa. Niliweka ya kumi na saba, nikala, nikasambaza, nikala tena. Nikaacha kiganja wazi pembeni ya bao, kete tano.

Binti akabonyeza. Programu ikaulinganisha mchezo wangu na picha ya zamani. Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili, kila shimo sawa. Yale maandishi mekundu yakageuka kijani.

Binti alifunika mdomo. "Bibi!"

Nikamtazama mwanangu. Nilidhani sasa. Mtu unazaa, unanyonyesha, unafikiri kuna siku moja atakutazama akuone.

Machozi yalikuwa yamemjaa, kweli. Akaniinamia akanibusu mkono. Akamwambia binti, "Unaona mama yangu alivyompenda baba? Kila mchezo wa mumewe ameuhifadhi kichwani. Miaka yote hii!"

Na mzee hapo hapo akapata njia ya kupitia. "Mke mwema huyu. Alikuwa akimtazama marehemu, anashika. Allah amlipe."

Nimeleta mkono, wameukata. Nimeleta mchezo, wamempa marehemu. Binti alinitazama, kalamu iko juu ya fomu. Mwanangu ndiye aliyesaini, yeye ndiye msimamizi wa mirathi ya baba yake, na michezo ya baba imehesabiwa kuwa mali ya baba.

Miezi michache baadaye kulikuwa na maonyesho kwenye ukumbi mmoja karibu na Mwenge, tulikwenda wote, nimevaa baibui jipya alilonishonea mkwe wangu. Kulikuwa na skrini kubwa kama mlango. Mchezo wangu ulikuwa unajicheza wenyewe, kete zinaruka shimo kwa shimo, watu wanapiga makofi zikifika mwisho. Mie nilisoma kisomo cha watu wazima, miezi minane tu, lakini herufi kubwa nazisoma. Juu liliandikwa jina la mume wangu, majina yote matatu. Chini yake: dhidi ya, hajulikani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo nilizomwomba mkwe wangu anisomee: kutokana na kumbukumbu ya mjane wa marehemu.

Jina langu halikuwepo hata hapo. Mjane.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja wa Kiarabu, mtu wa heshima, anatazama na mjukuu wake. Nikamwambia, "Huyo hajulikani ni mie." Akacheka sana, akanigusa bega. "Mama una utani wewe!" Tukacheka wote wawili. Nilicheka kweli, sijui kwa nini.

Mwezi uliopita binti alirudi, peke yake, mwanangu yuko kazini. Alileta machungwa. Alikaa muda anazunguka na habari za foleni na joto, kisha akasema. "Bibi, mie najua ule mchezo ni wako. Siku ile nilijua."

"Alhamdulillah."

"Nimekuja na ombi. Nyie mlicheza miaka mingi. Kama unakumbuka na mingine, tuirekodi. Hakuna mtu mwingine aliyebaki anayecheza hivi."

"Utaiandika ya nani?"

Akainamisha kichwa. "Nitajaribu bibi. Ila ishu ni fomu, lazima asaini kaka. Yeye ndiye..."

"Namjua yeye ni nani. Nimemzaa."

Bao lilikuwa mkekani kati yetu. Akaikunjua shingo ya kile kichuma chake, akaitundika simu, taratibu, kama mtu anayewekea mgonjwa chakula karibu akitegemea atakula. Ikawaka. Mashimo thelathini na mawili yakatokea pale juu, yote sifuri, yanasubiri.

Ninayo michezo mingi kichwani. Sijaihesabu, lakini nikifumba macho inakuja yenyewe, na siku yake, na mvua kama ilinyesha, na nani alibisha hodi tukakatiza. Ninayo ya mjomba wangu pia, iliyochezwa kwenye sakafu ya udongo, ambayo sasa hivi hakuna binadamu mwingine anayeijua. Ipo ile ambayo mume wangu alinifunga vizuri, kwa haki, nikampikia biriani. Hiyo ndiyo iliyonikaa moyoni pale, hiyo ningempa.

"Sikumbuki," nikamwambia.

"Hata mmoja bibi?"

"Hata mmoja. Uzee, mwanangu."

Alijua ni uongo. Mtu niliyemtajia kwa jina mpaka bibi yake mzaa baba, siku ya kwanza tu aliponiambia kwao ni wapi! Akazima simu. Nikamwambia asiondoke kabla ya kula. Tulipomaliza machungwa akaniuliza kama tunaweza kucheza tu, bila simu. Tukacheza. Ana mkono mzuri, ila naye ana pupa. Nilimfunga mkononi, kete yangu ya kumi na mbili. Alipoona safu yake tupu, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye begi, kutafuta simu. Sikumlaumu, ndiyo kazi yake.

Nikazoa kete zote, nikazirudisha mfukoni mwao, nikakaza kamba.